Sauti za Wenyewe: Jinsi Makala za Redio za Uingereza Zilivyojifunza Kusikiliza, 1934–1964

Kwa miaka mingi ya mwanzo, redio ya Uingereza iliwazungumzia wafanyakazi bila kuwapa nafasi ya kuzungumza. BBC ilianza kurusha matangazo mwaka 1922, na karibu kila neno lililotoka studio lilikuwa limeandikwa na kuidhinishwa na wakubwa kabla ya kufika kwenye maikrofoni. Hata mahojiano ya watu wawili, yaliyosikika kana kwamba yanatokea papo hapo, yalisomwa kwenye karatasi. Mchimba makaa ya mawe aliyeitwa kueleza kazi yake alikuta maneno yake yamekwisha kunyooshwa na kusafishwa. Mara nyingi hakuitwa kabisa: mwigizaji aliiga lafudhi yake, na mtangazaji mwenye Kiingereza cha wasomi wa kusini akajaza yaliyobaki.

Utaratibu huo ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni woga: mtu asiye na karatasi mbele yake anaweza kusema lolote, na shirika lililokuwa likilinda jina lake mbele ya serikali na Bunge halikutaka kubahatisha. Ya pili ni zana. Mitambo ya kwanza ya kunasia sauti ilitumia utepe wa chuma na haikuweza kutolewa jengoni. Baadaye zilikuja santuri zilizochongwa kwa sindano papo hapo, lakini kila moja ilibeba dakika chache tu. Kwa hiyo jamii iliyotaka kusikika ilibidi iende studio, na iliyokwenda studio ilivaa sauti ya studio.

Mabadiliko yalianzia kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtayarishaji Archie Harding alihamishiwa Manchester baada ya kipindi chake kimoja kuwaudhi wakubwa wa London. Kama uhamisho huo ulikusudiwa kumtuliza, ulishindwa. Manchester ilikuwa imezungukwa na viwanda vya pamba vilivyofungwa na watu waliopoteza ajira, na Harding aliamini kwamba redio ina deni kwao. Karibu naye walikusanyika mshairi Geoffrey Bridson, mtayarishaji Olive Shapley aliyejiunga na BBC mwaka 1934, msanii wa jukwaani Joan Littlewood, na kijana mmoja wa Salford aliyeitwa Jimmie Miller, mwigizaji na mwimbaji, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ewan MacColl.

Bridson alijaribu njia ya katikati. Kipindi chake cha *Harry Hopeful* kilimtembeza mhusika wa kubuni, fundi vioo asiye na kazi, kutoka kijiji hadi kijiji. Bridson alikwenda kwanza kwa wanavijiji, akaandika jinsi walivyosema, kisha akawarudishia maneno yao yakiwa mswada wa kusoma studio. Ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa lahaja zilizodharauliwa ziliingia hewani zikiwa midomoni mwa wenyewe. Hata hivyo, mtu anayesoma maneno yake mwenyewe hasemi tena. Kusitasita, kurudia neno, na kucheka kabla ya jambo zito, mambo ambayo ndani yake msikilizaji humtambua mtu, yalibaki kijijini.

Shapley aliamua kuifuata sauti ilipo. BBC ilikuwa na gari la kunasia sauti lenye urefu wa takriban mita 8 na uzito wa zaidi ya tani 7, likienda mwendo wa kukokota. Yeye aliliingiza kwenye mitaa ya wafanyakazi, akavuta waya wa maikrofoni hadi jikoni, dukani na kwenye makazi ya watu wasio na pa kulala. Mwaka 1938 alitoa kipindi kuhusu watu wasio na makazi. Mwaka 1939 alimchukua mke wa mchimba makaa wa Durham hadi kwenye kijiji cha wachimba makaa nchini Ufaransa, ili mama huyo aeleze kwa kinywa chake jinsi wenzake wa ng'ambo wanavyopika, wanavyofua na wanavyosubiri waume zao warudi kutoka shimoni. Mwaka huohuo, pamoja na Littlewood, alitayarisha *The Classic Soil*, makala yaliyoweka maisha ya maskini wa Manchester kando ya yale ambayo Friedrich Engels aliyaona katika mji huohuo karibu karne moja nyuma. Wasikilizaji walisikia wanawake wakihesabu pesa za chakula, na ulinganisho na Engels ukawa shtaka ambalo hakuna mtangazaji aliyehitaji kulitamka.

Kazi ya Shapley ilikuwa na mpaka mmoja ambao hangeweza kuuvuka. Santuri haikatwi. Mtayarishaji aliweza kuchagua mahali pa kuweka sindano na mahali pa kuiinua, basi. Hakuweza kuondoa neno moja, kuhamisha sentensi, wala kuwakutanisha watu wawili wasiowahi kuonana. Kati ya sauti moja na nyingine bado alihitajika msimulizi wa kuunganisha, na mwenye kuunganisha ndiye mwenye kuamua maana.

Vita vya Pili vya Dunia vilivunja sehemu ya woga, kwani taifa zima lilitaka kusikia askari na raia wake wenyewe. Mwaka 1944 waandishi wa BBC walitua Normandy na mashine za santuri za kilo 18 hivi, uzito ambao mtu mmoja aliweza kuubeba. Lakini zana iliyobadilisha kazi ilitoka upande wa adui. Wajerumani walikuwa wametengeneza kinasa sauti cha utepe wa plastiki wenye unga wa sumaku, nacho baada ya vita kilisambaa kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya EMI ilitoa kinasa kidogo cha betri kilichoning'inizwa begani. Utepe wake uliweza kukatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi mahali popote, hata katikati ya pumzi. Denis Mitchell, mtayarishaji mwingine wa Manchester, alizunguka nacho usiku miongoni mwa walevi, wafungwa wa zamani na watu wa mitaani, akawaacha waseme wanavyotaka, akatoa mfululizo wa *People Talking*. Watu ambao redio ilikuwa haijawahi kuwafikiria sasa walisikika wakifikiri kwa sauti.

Aliyeichukua njia hiyo hadi mwisho wake alikuwa Charles Parker, aliyezaliwa mwaka 1919, ofisa wa zamani wa nyambizi, msomi wa historia wa Cambridge, na tangu 1954 mtayarishaji mwandamizi wa makala katika BBC Birmingham. Hakuwa mtu wa tabaka la wafanyakazi, na huenda ndiyo maana alishtuka sana alipowasikia.

Tarehe 9 Februari 1957, treni ya mizigo iliyotoka Buxton ilikuwa ikipanda mlima wa Derbyshire, ikiendeshwa na John Axon wa Stockport, mwenye umri wa miaka 56. Bomba la mvuke wa breki lilipasuka na kibanda cha dereva kikajaa mvuke wa kuunguza. Axon alimwamuru msaidizi wake aruke chini ajaribu kufunga breki za mabehewa. Yeye mwenyewe alibaki akining'inia ubavuni mwa injini, akijaribu kufikia vidhibiti, huku treni ikivuka kilele na kuanza kushuka bila breki. Angeweza kuruka, lakini hakuruka. Katika stesheni ya Chapel-en-le-Frith treni iligonga nyingine ya mizigo iliyokuwa mbele. Axon alifariki pamoja na mlinzi wa treni ile. Serikali ilimtunuku Msalaba wa George (George Cross) baada ya kifo chake.

Parker alimwomba MacColl atunge utenzi wa redio juu ya tukio hilo. Mpango ulikuwa wa kawaida: wangewahoji madereva na mjane wa Axon, maelezo yao yangekuwa malighafi ya mswada, na waigizaji wangeusoma. Walirudi na zaidi ya saa 40 za sauti. MacColl alipokaa kuzisikiliza aliona kwamba mwigizaji yeyote angeziharibu. Dereva mmoja mzee alieleza jinsi reli inavyompitia mtu uti wa mgongo kama jina la Blackpool linavyopita ndani ya zile pipi za mji huo, ambazo ukizivunja popote unakuta herufi zilezile. Mwandishi wa studio angetafuta usemi kama huo wiki nzima asiupate. Uamuzi uliofuata ndio uliozaa aina mpya ya makala: waigizaji waliachwa, msimulizi aliachwa, na madereva wenyewe wakawa ndio mswada.

*The Ballad of John Axon* ilirushwa tarehe 2 Julai 1958. Ndani yake kulikuwa na vitu vitatu tu: sauti za watu zilizonaswa kazini na nyumbani, milio ya reli yenyewe, na nyimbo. Mwanamuziki Mmarekani Peggy Seeger, aliyezaliwa mwaka 1935, alipanga muziki na kuongoza wapigaji. Nyimbo zilifanya kazi ya msimulizi, zikisogeza hadithi na kuunganisha mtu na mtu, na zilitungwa kutokana na maneno yaleyale yaliyokuwa kwenye kanda. Msikilizaji alimsikia dereva akianza jambo, mwimbaji akilichukua, kisha dereva mwingine akilimalizia.

Utaratibu wa kutayarisha makala hiyo na zilizoifuata katika mfululizo ulichosha watu na mitambo. Kwanza waliishi na jamii husika na kunasa mazungumzo kwa wiki kadhaa. Kisha kanda zote ziliandikwa neno kwa neno, pamoja na vikohozi na sentensi zilizokatika. MacColl alisoma na kusikiliza tena na tena, si kwa ajili ya habari pekee bali pia kwa ajili ya mapigo: mzungumzaji anavuta pumzi wapi, anaharakisha wapi, sauti yake inapanda anapokumbuka nini. Mwendo wa wimbo ulifuata mwendo huo. Parker alikaa na wembe wake, akikata vipande ambavyo vingine havikufika sekunde mbili. Mwishoni wanamuziki waliingia studio na kupiga huku kanda zikichezwa pamoja nao, kila sauti ya mvuvi au dereva ikiingia kwa ishara, kama mpiga ala mmojawapo. Fundi wa kanda akichelewa kidogo tu, kipande chote kilianza upya.

Makala ya pili, *Song of a Road* ya mwaka 1959, ilihusu ujenzi wa barabara kuu ya M1 na haikufaulu kama ya kwanza. Sababu yake inafundisha kuliko mafanikio mengi. Parker alitaka barabara nzima isikike, kuanzia wapimaji na wahandisi hadi vibarua. MacColl alitaka vibarua, wengi wao Waairishi waliokuwa wamehama makwao. Kanda zilipowekwa pamoja, tofauti ilijitokeza bila kutafutwa. Wakubwa wa kazi walijua maneno mengi, lakini walieleza udongo na lami kwa usemi uliopooza, kana kwamba hakuna mtu aliyetenda. Vibarua walitumia vitenzi, tamathali na tashbihi, waliruka kutoka wakati uliopita hadi uliopo pale hatari ilipokaribia, na walisema kwa mwili mzima. MacColl alijenga nadharia nzima juu ya hilo. Pengine aliivuta mno kuelekea siasa yake ya mrengo wa kushoto, lakini masikio yake hayakumdanganya: anayeishi kwa kazi ya mikono huisimulia kazi hiyo kwa lugha yenye mikono.

Kilele kilikuwa *Singing the Fishing*, iliyorushwa tarehe 16 Agosti 1960 na kushinda tuzo ya Prix Italia mwaka huohuo. Ilihusu wavuvi wa heringi wa pwani ya mashariki ya Uingereza na Uskoti, jamii iliyokuwa ikififia. Mwaka 1913, katika msimu wa vuli, zaidi ya mashua 1,000 zilikusanyika Yarmouth na Lowestoft. Kufikia 1960 kundi lililobaki lilikuwa dogo. Timu ilimkuta Sam Larner katika kijiji cha Winterton huko Norfolk, mzee aliyezaliwa mwaka 1878 na kuanza kazi ya bahari akiwa mtoto kwenye mashua za tanga. Larner alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na sauti ambayo uzee haukuifunga. Ronnie Balls alisimulia enzi za meli za mvuke. Wavuvi wa Uskoti walieleza uvuvi wa injini za dizeli. Hivyo makala ilivuka vizazi vitatu bila mtu kutaja mwaka. Msikilizaji alijua wakati umepita kwa sababu sauti ya mashua ilibadilika chini ya maneno.

Wanawake wa Uskoti, waliokuwa wakizifuata mashua kutoka bandari hadi bandari ili kupasua samaki na kuwapanga kwenye mapipa ya chumvi, nao walisikika wakieleza vidole vilivyofungwa vitambaa ili visikatwe na visu. Nafasi yao ilikuwa fupi kuliko ya wanaume, na hiyo ni kasoro ya mfululizo mzima. Watayarishaji walivutiwa mno na uwanja ambako mwanamume hupambana na chuma, mwamba au bahari. Jikoni, ambako Shapley alikuwa amefika miaka 20 nyuma, walipita haraka.

Kutokana na masimulizi ya Larner, MacColl alitunga wimbo *The Shoals of Herring*, unaofuata maisha ya mvulana anayekua baharini. Inasimuliwa kwamba alipomwimbia mzee huyo, Larner alisema wimbo huo ameujua maisha yake yote. Hakuwahi kuusikia, ila maneno yalikuwa yake, na mtunzi alikuwa ameyarudisha mahali pake kwa uangalifu kiasi kwamba mwenyewe hakuona mshono. Baadaye wimbo ulienea hadi Ireland, ambako watu waliuimba wakidhani ni wa zamani na wa kwao. Ni makala chache za redio zilizowahi kuirudishia jamii kitu ambacho jamii ilikipokea kama urithi wake.

*The Big Hewer* ya 1961 ilishuka mashimoni pamoja na wachimba makaa wa kaskazini-mashariki, Midlands na Wales ya kusini, na ikagundua kwamba katika maeneo yote hayo kunasimuliwa habari za mchimbaji jitu, kwa majina tofauti. *The Body Blow* ya 1962 iliacha kazi na kuingia kwenye ugonjwa: watu watano waliopooza kwa polio. *On the Edge* na *The Fight Game*, zote za 1963, zilihusu vijana na mabondia. Ile ya vijana haikushikamana vizuri, kwa kuwa vijana wa mji mmoja na mwingine hawakuwa na kazi moja wala lugha moja ya kuwaunganisha.

Makala ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. *The Travelling People*, iliyorushwa Aprili 1964, ilihusu Wajipsi na jamii nyingine za kuhamahama za Uingereza na Uskoti. Sheria ya barabara ya 1959 ilifanya kupiga kambi kando ya njia kuu kuwa kosa kwa Mjipsi, na sheria ya 1960 ya maeneo ya misafara ilifunga viwanja vingi vilivyobaki. Watu walifukuzwa usiku, wengine wakiwa na watoto wachanga. Parker, MacColl na Seeger walikaa nao kambini na kunasa nyimbo, hadithi na malalamiko. Kisha walifanya jambo ambalo hawakulifanya kwenye makala za awali: walinasa pia majirani. Wenye nyumba walisikika wakisema, kwa utulivu na adabu, kwamba hawawataki watu hao karibu na shule wala karibu na mtaa. Mwishoni kabisa, baada ya muziki kunyamaza, inasikika sauti ya diwani mmoja wa jiji anayekiri, akiulizwa, kwamba wale wasiowezekana inabidi wafutiliwe mbali. Ilikuwa miaka 19 tu tangu kambi za Ujerumani, ambako Wajipsi waliangamizwa kwa maelfu, zifunguliwe. Watayarishaji hawakuongeza neno.

Hapo ndipo nguvu na hatari ya njia hii huonekana pamoja. Makala isiyo na msimulizi haikosi mwenye maoni; mwenye maoni amehamia kwenye wembe. Ni Parker aliyeamua kwamba sauti ya diwani iwe ya mwisho, na ni MacColl aliyeimba kwa nafsi ya kwanza kama mvuvi au mchimbaji ilhali hakuwa hao. Wakosoaji walisema nyimbo zinamwelekeza msikilizaji jinsi ya kuhisi, na kwamba wafanyakazi wamechorwa mashujaa kupita kiasi. Madai hayo yana uzito. Lakini mswada wa studio wa miaka ya 1930 nao ulikuwa na mwelekeo wake, ila ulijificha nyuma ya sauti tulivu ya mtangazaji. Katika kazi za Birmingham mshono unasikika, na anayesikia mshono anaweza kuuhoji.

BBC ilisimamisha mfululizo mwaka 1964 kwa sababu ya gharama. Televisheni ilikuwa imechukua watazamaji na bajeti, na makala moja iliyokula miezi ya kazi ilikuwa vigumu kuitetea. Parker aliendelea kutengeneza vipindi hadi alipoachishwa kazi mwaka 1972, uamuzi ulioleta malalamiko mengi. Baadaye alishiriki kuanzisha kikundi cha Banner Theatre huko Birmingham, kilichotumia kanda za wafanyakazi jukwaani, naye alifariki mwaka 1980. Kanda zake, zikiwemo saa nyingi ambazo hazikuwahi kurushwa, zimehifadhiwa katika maktaba ya jiji la Birmingham, na watafiti wa historia simulizi huzitumia kama kumbukumbu za kazi ambazo nyingi hazipo tena. Mwaka 2006 BBC ilitoa makala sita mpya kwa mtindo uleule, zikiwemo za wafanyakazi wa chuma cha pua, wajenzi wa meli, na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.